Nimebadilisha jiko: uzoefu wangu na jiko la peleti huku Maine

Nilipomwambia kaka kwa simu kwamba nimebadilisha jiko, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na shemeji anajua?" Ikabidi nimweleze haraka kuwa mke ni yule yule. Kilichotoka ni lile jiko la chuma la kuni lililokuwa sebuleni, na mahali pake limeingia jiko la peleti.

Tunaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Huku baridi inapiga hodi Oktoba, na mwezi wa nne bado hujavua sweta. Jiko la kuni tulilikuta ndani ya nyumba tulipoinunua, na kusema kweli nililipenda. Kilichonishinda ni usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2023, baridi ya Arktiki iliposhuka na upepo wake. Nililala kwenye kochi na koti mwilini, naamka kila baada ya saa mbili kuongeza kuni. Saa tisa usiku kuni kavu zikaisha. Nikatoka nje na tochi, nikarudi na magogo yenye barafu ambayo hayakuwaka, yalifoka tu na kutoa povu kwenye ncha. Asubuhi kioo cha jiko kilikuwa cheusi tii. Fundi wa dohani alipokuja kusafisha aliteremsha masizi yanayonata kama lami, akaniambia hayo ndiyo yanayowaka ndani ya dohani na kuunguza nyumba za watu.

Jiko jipya lilifungwa Oktoba mwaka huo huo. Kwa asiyezijua, peleti ni vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa kwa mashine hadi likawa vijiti vyembamba, unene kama wa penseli. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Njombe, alichota kiganja kimoja, akanusa, akaniangalia. "Baba, hiki si chakula cha kuku?" Aliyewahi kufuga broila atamwelewa.

Juu ya jiko kuna tangi la kumwagia peleti. Chini yake kuna parafujo inayozunguka polepole na kuzisukuma kidogo kidogo, zinadondoka kwenye kijungu cha chuma ambamo kiwashio cha umeme kinaziwasha. Ukikaa kimya unazisikia: tak, tak-tak, kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye debe. Feni moja inavuta moshi kuutoa nje, nyingine inapuliza hewa ya moto sebuleni. Ukutani kuna thamostati. Naiweka nyuzi 20, naenda kulala, na asubuhi nyumba iko nyuzi 20. Miezi ya kwanza nilikuwa bado nashtuka saa tisa usiku, nashuka ngazi kwenda kuliangalia, nakuta linajifanyia kazi zake.

Kelele zipo. Zile feni haziachi kuvuma, na tulilazimika kupandisha sauti ya televisheni. Lile joto la jiko la kuni, linalokuingia mpaka kwenye mifupa ukilikaribia, humu hulipati. Hapa ni hewa ya moto inayozunguka chumbani. Halafu halipiki. Kwenye jiko la zamani birika la chai lilikaa juu kutwa nzima, na maharage yaliiva yenyewe bila kugusa bili ya gesi. Hili la sasa juu linapata joto la kukaushia soksi tu. Mama mkwe alijaribu kubandika sufuria, akasubiri, akagusa, akatoa hukumu: "Jiko gani hili halipiki? Hii ni hita." Sikuwa na la kujibu.

Usafi nao una mambo yake. Kijungu nakikwangua kila siku mbili, majivu nayafyonza kila Jumamosi kwa kifyonzi cha majivu (usitumie cha kawaida, kaa moja likijificha humo utaungua), na mwisho wa msimu fundi anafungua feni na mabomba yote. Ubora wa peleti ndio unaoamua kama utapumzika au utahangaika. Kiwango cha Marekani kinasema zilizoandikwa premium majivu yake yasizidi asilimia 1, za standadi asilimia 2. Unaweza kuona ni tofauti ndogo. Mwaka wa kwanza nilinunua mifuko ya bei poa, na kila jioni nilikuta kijunguni majivu yameyeyuka na kuganda kama kigaga kigumu, yameziba matundu ya hewa, moto umezimika. Sikurudia tena.

Pia zinaogopa maji kama nini. Mfuko mmoja ulitoboka gereji na tone likawa linaingia. Nilipouinua, chini kulikuwa na unga wa mbao uliovimba, rojorojo kama uji uliolala. Mwaka wa pili kiwashio kikaungua. Dola 60, nikabadilisha mwenyewe.

Sasa nije kwenye umeme, maana hapo ndipo muuzaji hakunieleza la kutosha. Tarehe 18 Desemba 2023 ilipiga dhoruba ya upepo na mvua, wateja zaidi ya 400,000 jimboni wakakosa umeme. Wetu ulikatika mchana. Feni zikasimama, peleti zilizokuwa kijunguni zikaendelea kufuka, na kwa kuwa bomba langu la inchi 3 lilitoka moja kwa moja ukutani bila kupanda juu, moshi ukaanza kurudi ndani. Ving'ora vya tahadhari ya moshi humo ndani vikalia, watoto wakakimbilia uani kwenye mvua.

Umeme ulikaa siku tatu bila kurudi. Jiko la zamani nilikuwa nimeshamuuzia jirani Mkongomani, mtu wa Bukavu. Jioni ile tukaenda kwake, familia nzima na mablanketi. Akafungua mlango, akatuona, akacheka: "Karibuni, jiko yenu iko hapa." Mama mkwe akaenda moja kwa moja kubandika chai.

Baada ya hapo nilimwita fundi akaongeza kipande cha bomba cha kwenda juu nje ya ukuta, kama mita moja, ili moshi upande wenyewe hata feni ikizima. Nikanunua na betri ya kilowati-saa moja. Jiko likishawaka linatumia kama wati 100, sawa na balbu moja ya zamani, kwa hiyo betri inalisukuma kwa muda wa saa nane hivi. Kuwasha ndiko kunakula umeme, kiwashio peke yake ni wati 300 na zaidi, kwa hiyo umeme ukikatika moto ukiwa bado unawaka, hamishia kwenye betri mara moja.

Hesabu yangu: jiko na ufundi, dola 4,900. Serikali ilikuwa na mpango wa kupunguza kodi kwa asilimia 30 ya gharama, mwisho dola 2,000, kwa majiko yenye ufanisi wa asilimia 75 au zaidi, nikapunguziwa 1,470. Ulikuwa wa 2023 hadi 2025 na umeshafungwa, anayenunua leo asiuweke kwenye bajeti. Peleti natumia tani tatu za Kimarekani kwa msimu (moja ni kama kilo 900), yaani mifuko 150 ya kilo 18, dola 345 kwa tani. Kuni zilikuwa zinakula kama 1,400 kwa mwaka, bila kuhesabu mgongo wangu.

Ningekuwa na dohani mbili ningebaki na majiko yote mawili. Kwa nyumba yangu na umri wangu, ningenunua hili tena, ila bomba ningelipandisha siku ya kwanza. Mwenye kuni za bure shambani kwake na watoto wakubwa wa kupasua, sioni sababu ya kuhama.

Jirani nilimwuliza majuzi kama anaweza kuniuzia lile la zamani nikaliweke gereji. Akasema bei imepanda.