Uzoefu wangu: matofali yaliyochomwa kwa pumba za mpunga, Mang'ula

Kuta za nyumba yangu hapa Mang'ula, mkoani Morogoro, chini ya Milima ya Udzungwa, nimezijenga kwa matofali ya udongo yaliyochomwa kwa pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa za Bonde la Kilombero. Tangu uokotaji wa kuni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa upigwe marufuku mwaka 2011, kuni za tanuri zimekuwa za kutafutwa mbali, ilhali pumba, ambazo ni takriban kilo 20 katika kila kilo 100 za mpunga, hurundikana nyuma ya mashine mpaka zichomwe bure.

Kwa ukuta ulio juu ya msingi nimeridhika. Masika yamepita na sijaona tofali lililomeguka, na lipu imeshika, ingawa fundi alilazimika kwanza kuyapiga brashi, kwa kuwa majivu ya pumba huganda usoni mwa tofali na kuizuia saruji.

Tatizo ni kwamba tanuri moja hutoa matofali ya kila namna. Pumba haziwaki kwa mwali kama kuni, bali hufukuta polepole, hivyo matofali ya katikati huiva huku ya pembeni na ya juu yakibaki nusu mabichi. Shehena ya kwanza niliyoletewa ilichanganya yote, na muuzaji akayatoza bei ileile. Siku hizi nakwenda tanurini kuchagua mwenyewe: nagonganisha mawili nisikie kama yanalia kama chuma, kisha navunja moja nitazame ndani, maana kiini cheusi huonyesha kwamba hewa haikufika vya kutosha wakati wa kuchoma. Lililobaki na shaka nalipima likiwa kavu, nalilowesha siku nzima na kulipima tena. Likiongezeka uzito zaidi ya asilimia 20, halijengi ukuta wangu wa nje.

Wapo pia wanaokanda pumba ndani ya udongo wenyewe. Zikiungua huacha vitundu, tofali linakuwa jepesi na chumba hakipati joto kali, lakini vitundu hivyo hunywa maji na kupunguza nguvu, kwa hiyo hayo nimeyatumia kwenye kuta za kugawa vyumba tu. Muuzaji alinishauri pia nichanganye majivu ya tanuri na saruji ili kuokoa mifuko. Nilikataa: majivu ya pumba yana silika nyingi (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) na yanaweza kufaa kazi hiyo yakichomwa kwa joto linalodhibitiwa, lakini ya tanuri la kienyeji hupata joto la kubahatisha, na likizidi, silika hupoteza uwezo wa kushikamana na chokaa inayotoka kwenye saruji.

Anayetaka kuagiza aagize kiangazi, baada ya mavuno, pumba zikiwa tele na kavu. Matofali ayaloweshe kabla ya kujengea, la sivyo yatanyonya maji ya udongo wa saruji kabla haujashika.