Nimeijaribu psutil kwenye mashine za steshenari yangu Mtwara, inasema kweli ila lazima ujue kuiuliza

Wakuu habari za jioni. Nna kasteshenari kangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, kompyuta tatu za mezani na laptopu moja, tunachapa, tunaskani, tunawajazia watu fomu za ajira na mikopo ya chuo. Ukifika msimu wa korosho ndo balaa lenyewe, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanakuja na majina ya wakulima kurasa kwa kurasa na wote wanataka yatoke leo leo maana mnada hausubiri mtu. Sasa msimu uliopita mashine moja, ile ya katikati, asubuhi iko fresh kabisa, ikifika saa saba mchana inaanza kwenda kama kobe. Kila mtu na jibu lake. Mmoja "njomba hiyo ina virusi", mwingine "ongeza RAM tu", fundi mmoja akasema nitupe kompyuta nzima ninunue nyingine, na hiyo nyingine anayo yeye dukani kwake (si unajua tena).

Mimi Python najua kidogo, ya kujifunza usiku YouTube. Nikasema kabla sijatoa hela ngoja nipime mwenyewe, ndo nikaangukia hii psutil. Kwa asiyeijua, ni moduli ya Python inayokupa takwimu za mashine: prosesa inatumika asilimia ngapi, RAM, diski, mtandao, betri, joto, na kila programu inayokimbia humo ndani inakula nini. Kaiandika Muitaliano anaitwa Giampaolo Rodolà, ipo tangu 2009, ya bure, leseni ya BSD, na inakubali Linux, Windows, Mac mpaka FreeBSD.

Kuiweka kwenye Windows ni pip install psutil basi (pip ndo kile cha kushushia moduli za Python), haifiki hata MB moja, yani hata ukiwa na bando la kuungaunga inashuka. Mashine zangu za mezani ni Ubuntu mpya (aina ya Linux), na huko pip iligoma, inasema mfumo wenyewe ndo unasimamia Python usiiguse. Nimehangaika nusu saa nzima kumbe dawa ni sudo apt install python3-psutil, sekunde chache imekubali.

Haya, jaribio la kwanza nusura niifute. Nimeandika psutil.cpu_percent() ikajibu 0.0. Nikasema labda mashine imepumzika, nikafungua video tatu kwa mpigo, feni inalia, nikakimbiza skripti tena, 0.0! Nikajua hii takataka. Kumbe ni kama mita ya maji, ukiisoma mara moja umepata namba tu, matumizi utayajua ukirudi kuisoma mara ya pili. Ile ya kwanza haina cha kulinganisha nacho ndo maana inatoa sifuri. Ukiweka interval=1 inasubiri sekunde moja ikiangalia halafu ndo inakupa jibu la maana. Wameliandika kwenye maelezo yao, kosa langu sikusoma, lakini bado nawalaumu, bora wangerudisha kitupu kuliko sifuri. Sifuri ni namba, mtu anaiamini.

RAM nayo ilinitisha. Mashine ya GB 4, virtual_memory() inaonyesha free (iliyo tupu kabisa) ni MB 200 na kitu, nikasema yule wa kuongeza RAM kapatia. Usiangalie hiyo free wewe, angalia available (inayoweza kupatikana), maana Linux ikiona RAM imekaa bure inaitumia kutunza mafaili uliyofungua karibuni na ikihitajika inaachia. Available yangu ilikuwa karibu GB 2. Nikalinganisha na komandi ya free -m dirisha la pembeni, zinaelewana, na lazima zielewane kwa sababu zote zinasoma faili moja la Linux, /proc/meminfo. Diski pia inalingana na df, komandi ya Linux ya kuonyesha nafasi ya diski, ila usije ukashangaa used ukijumlisha na free hazifiki total, kwenye ext4 (mpangilio wa diski wa Linux) kuna asilimia 5 huwa imetengwa kwa ajili ya root, yani mtumiaji mkuu wa mfumo.

Kijana wangu wa dukani alicheka siku ameona brauza inatumia prosesa asilimia 187. "Bosi hii moduli yako haijui hesabu." Inajua bwana, asilimia 100 hapo ni kiini kimoja cha prosesa na mashine ina viini vinne. Ukitaka ifanane na Task Manager ya Windows gawanya kwa cpu_count(), yani idadi ya viini.

Sasa ile mashine ya katikati. Nikaandika skripti kila dakika 5 irekodi matumizi ya prosesa, joto na spidi yake kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi tu), nikaiacha siku tatu. Asubuhi sensors_temperatures() inasema nyuzi 58, cpu_freq() inasema prosesa iko MHz 3100 na zaidi. Saa nane mchana nyuzi 97, spidi imeshuka mpaka 1600, na matumizi yamegonga mia muda wote. Virusi gani tena hapo! Prosesa ilikuwa inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Ile meza iko chini ya dirisha la upande wa jua la jioni, na hili joto la huku la Novemba mnalijua. Tumefungua boksi, vumbi kama blanketi, na ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo imekauka kama chokaa. Dawa mpya elfu tano, brashi ya rangi ya kupangusa vumbi ninayo, meza nikaihamisha. Mchana haipiti 74 sasa hivi. Yule fundi kompyuta yake amebaki nayo.

Ubaya ni kwamba hicho cha joto kipo Linux na FreeBSD tu, kwenye laptopu yangu ya Windows nikiita inatoa eroo kwamba hakuna kitu kama hicho. Kwa sisi watu wa pwani hii ndo takwimu namba moja, na wengi wetu tuna Windows, inauma.

Kitu kingine, mtandao. Nilitaka kujua kila mashine inakula bando kiasi gani kwa siku, nikachukua bytes_recv (data iliyoingia) ya jioni nikatoa ya asubuhi, nikapata hasi GB 1.3. Hasi! Mchana umeme ulikatika, mashine hazina UPS (betri ya akiba), zilipowaka hesabu ikaanza upya kutoka sifuri kwa sababu kaunta inahesabu tangu mashine iwake. Ikabidi kila mstari niandike na boot_time() (muda mashine ilipowaka) pembeni, ikibadilika skripti inajua hapa umeme ulikatika, anza upya. Na uweke pernic=True kwenye net_io_counters() inayotoa hizo namba, uchague kadi yenyewe ya mtandao, usipofanya hivyo inajumlisha mpaka mazungumzo ya mashine na nafsi yake. Hata ukifanya hivyo haijui bando ni lipi, yale majina ya wakulima tunayoyahamisha meza kwa meza nayo imeyahesabu humo humo.

Betri kwenye laptopu iko poa, power_plugged (kama chaji imechomekwa) ikigeuka False skripti yangu inapiga mlio najua umeme umeondoka hata nikiwa nje nanunua mihogo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia kwa ile 0.0, ilinipotezea jioni nzima na mihogo ikapoa.