Kuhama na Canter ya kijiweni, Segerea hadi Goba: uzoefu wangu

Kama unahama ndani ya Dar es Salaam na vyombo vyako ni vya familia ya kawaida, sebule na vyumba viwili vitatu, kodi Canter ya kijiweni, yaani lori dogo linalosubiri wateja kijiweni, ila dereva aje kwanza nyumbani auone mzigo. Asiyetaka kuja, mwache. Sisi tumehama Segerea kwenda Goba kwa utaratibu huo, mimi, mume wangu na watoto, na huduma tuliyopata naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyokata nitaeleza nimeikata kwa nini.

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Nilitafuta sehemu tatu. Kampuni moja ya kuhamisha watu iliniambia nitume picha za vyombo kwa WhatsApp, ikaniletea bei iliyozidi mara mbili ya bei za kijiweni. Ndani yake kulikuwa na maboksi, watu wa kufunga vyombo na watu wa kupanga huko uendako. Kwa mtu mwenye vioo vingi, au anayesafiri na hana nafasi ya kusimamia, hela hiyo ina kazi yake. Mimi nilikuwa na nafasi na nilikuwa na ndugu wa kunisaidia kufunga.

Wa pili alikuwa dereva niliyepewa namba yake. Akanitajia bei ya chini kabisa kwenye simu, bila kuuliza naishi chini au ghorofani, wala huko Goba ni lami au vumbi. Bei za namna hiyo zinaongezeka njiani. Mzigo ukishapanda utaambiwa "hiyo ilikuwa ya gari tu, dada", halafu inakuja ya kupakia, inakuja ya kushusha, na ukifika kwenye kilima inakuja ya kilima. Wakati huo vyombo vyako viko juu ya gari la mtu na watoto wanataka kulala, utabishana nini?

Wa tatu ndiye aliyesema, "Siwezi kukutajia bei kabla sijaona, dada. Jioni nikishusha mzigo nitapita."

Akapita kweli. Hakukaa muda mrefu, lakini alichouliza kilinipa imani kuliko maneno yote ya watu waliomsifia. Alitazama geti letu la Segerea na kusema gari litaingia kinyumenyume. Akalipima kabati la nguo la milango mitatu kwa kunyoosha mikono, akapima na mlango wa chumba, akasema halitoki zima, atafutwe fundi seremala alifungue siku moja kabla. Akauliza friji ina ukubwa gani, mtungi wa gesi uko wapi, huko tuendako gari linaweza kugeuza au litarudi kinyumenyume, na mvua ikinyesha njia ikoje. Goba ni vilima, na ukitoka kwenye lami baadhi ya vichochoro vya kifusi vinateleza vibaya, kwa hiyo swali hilo lilikuwa la mtu anayeijua kazi.

Tukapatana shilingi 130,000 ya gari na 40,000 ya makuli wawili, pamoja na utingo wake: kupakia, kushusha na kuingiza kila kitu mpaka chumbani. Hayo maneno "mpaka chumbani" yaseme kwa sauti. Wapo wanaoshusha getini wakahesabu wamemaliza. Nikamwandikia meseji yenye bei, saa ya kufika, idadi ya watu na mahali pa kushushia, naye akajibu "sawa". Nikampa hela ya mafuta tu asubuhi, iliyobaki tukamalizana baada ya godoro la mwisho kuingia ndani. Hakukuwa na mvutano wowote, na nadhani ni kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri nisihame Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kila mtu anahama siku hiyo, magari yanagombaniwa na makuli wanachoka kabla hawajafika kwako. Tukachagua katikati ya wiki na mume wangu akaomba ruhusa kazini.

Kufunga vyombo kunahitaji kuanza mapema. Maboksi mazuri nilipata kwenye duka la dawa na kwenye duka la jumla la jirani, yale ya sabuni na mafuta ya kula, ambayo ni magumu. Nguo zilikaa vizuri kwenye mabegi ya shangazi kaja. Vitabu weka kwenye maboksi madogo, maana boksi kubwa la vitabu linapasuka chini na linaumiza mgongo wa mtu. Sahani nilizifunga moja moja kwa gazeti na kuzisimamisha kwa ubavu badala ya kuzilaza zikibebana, na haikuvunjika hata moja. Televisheni ilisafiri imesimama, imeviringishwa blanketi, katikati ya magodoro mawili, kamwe usiilaze kioo chini. Nati na boliti za kila kitanda zilikaa kwenye mfuko wake na mfuko ukafungwa kwenye mbao za kitanda hicho hicho, na usiku ule vitanda vilisimama haraka.

Friji nalisisitiza. Lizime siku moja kabla ili barafu iyeyuke na ulikaushe. Lisafiri limesimama. Likifika usiliwashe hapo hapo, liache litulie saa kadhaa mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, na kama lililazwa njiani ngoja mpaka kesho yake. Dereva wetu alilifunga kamba kwenye bodi ya mbele kabla ya kitu kingine chochote, ndipo likafuata kabati, meza, viti, na juu kabisa vitu vyepesi. Mtungi wa gesi ulifungwa koki, ukavuliwa regulata, ukasimama nyuma kabisa penye hewa.

Kuna begi moja halikupanda Canter: vyeti, mkataba wa nyumba, dawa za mtoto, chaja, nguo za kubadili, tochi, bisibisi na spana. Hilo nililishika mwenyewe.

Njia alichagua yeye. Badala ya kupita Ubungo na foleni yake, alikata Kinyerezi, Malamba Mawili, akatokea Mbezi Mwisho, kisha akaingia barabara ya Goba. Alipofika penye kilima aliteremka, akatembea mpaka juu kuangalia kabla ya kupandisha gari. Sijawahi kuona dereva wa mizigo akifanya hivyo.

Sasa ile nyota. Ilikuwa msimu wa vuli, na manyunyu yalitukuta njiani. Turubai alikuwa nalo, lakini lilikuwa na matundu, na kona ya godoro la watoto ikalowa. Lilikauka kwa jua la siku iliyofuata, ila kwa kazi ya bei ile turubai zima ni haki ya mteja. Nilimwambia, akaomba radhi na kupunguza kidogo kwenye malipo bila kusukumwa. Kwa hiyo ukimwita dereva aje aone mzigo wako, na wewe uone turubai lake. Na uzifunge godoro kwa naironi nene hata kama kuna jua kali. Kama unaweza kuchagua miezi, usihame wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hasa kwenye mitaa isiyo na lami.

Gari likishaondoka, kazi bado ipo. Kwetu ilikuwa umeme. Nyumba ilikuwa imekaa tupu muda mrefu, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa sasa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Mwezi ambao hakuna aliyenunua umeme, kodi hiyo inajilimbikiza na kumsubiri atakayenunua. Kwa hiyo ukinunua uniti mara ya kwanza, sehemu kubwa ya hela inaweza kwenda huko. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba wetu ni mwelewa, nilimwonyesha meseji ya manunuzi akakubali kukata kwenye pango. Ushauri wangu ni kuomba namba ya mita kabla ya kulipa pango la miezi sita au mwaka, ununue umeme wa hela kidogo, usome makato. Meseji itakuonyesha kilichokatwa.

Jambo jingine kwenye nyumba iliyokaa tupu ni kama mita ilifanyiwa maboresho. TANESCO, shirika la umeme, waliendesha zoezi la kuboresha mita zote za LUKU mpaka Novemba 2024. Mita ambayo haikuguswa hutumiwa makundi matatu ya namba, kila moja tarakimu 20, ukinunua umeme, na yanaingizwa kwa mpangilio wake, la umeme likiwa la mwisho. Ukianza na la mwisho mita inakataa, na mtu anaweza kudhani imekufa. Uliza pia mita iko kwenye kundi gani la bei. D1 ni kwa watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti zinazozidi hapo zina bei kubwa zaidi. Familia yenye friji, pasi na televisheni inafika 75 upesi.

Maji, fungua bomba wewe mwenyewe, asubuhi na jioni, usiridhike na neno la dalali. Kama ni kisima, yaonje, maana visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi yanayofaa kuoshea tu. Kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji, piga picha usomaji wa dira siku unayopokea funguo, na uombe kuona ankara ya mwisho, ili deni la mpangaji aliyeondoka lisije kuwa lako. Uliza simtanki lina ujazo gani na mmegawana na nani. Piga picha kuta, vitasa, masinki na vioo siku hiyo hiyo, umtumie mwenye nyumba. Dalali huchukua pango la mwezi mmoja, akishaipata humwoni tena, kwa hiyo maswali yote yaulizwe kabla.

Dereva wa Canter atahitaji kuelekezwa, na hapo namba ya nyumba iliyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi la 2022 pamoja na jina la mtaa vilitusaidia kuliko "ukifika kwenye mwembe kata kushoto". Mtumie siku moja kabla, na mtu mmoja wa familia atangulie akasimame barabarani.

Wiki ile ile nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe na kuandikishwa, na upite kwa mjumbe umsalimie. Beba kitambulisho cha NIDA na nakala ya mkataba. Siku utakapotaka barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, pasipoti au kumdhamini ndugu, mwenyekiti atakuwa anakujua. Majirani zetu wa upande wa kushoto walituletea uji wa watoto jioni ile ile tulipofika, kwa sababu mume wangu alikuwa ameshapita kuwasalimia wiki iliyotangulia na kuwaambia gari litaziba njia kwa muda.