Jarida la ndege wa porini: nililolipia ni zile kurasa za katikati

Nimeshasoma matoleo 12 ya jarida hili la kila mwezi, na kinachonifanya nisikatishe usajili ni hizo kurasa za katikati, za kutofautisha ndege wanaofanana.

Chukua makala yao ya Phylloscopus trochilus na Phylloscopus collybita, ndege wadogo wa kijani kilichofifia wanaowasumbua hata wazoefu. Miongozo mingi ya mfukoni inakuambia utazame miguu: ya trochilus ina rangi hafifu, ya collybita myeusi. Miguu hudanganya. Ikishika tope au ikiwa kivulini, hiyo hafifu nayo huonekana myeusi. Jarida limeanza na bawa lililokunjwa: linganisha urefu wa ncha inayochomoza na urefu wa manyoya yanayolifunika bawa kwa juu. Trochilus, ambaye huhama mbali zaidi, ncha yake hukaribia urefu wa manyoya hayo. Ya collybita ni kama nusu tu. Halafu mkia, maana collybita haachi kuutikisa kuelekea chini anapotafuta wadudu. Kwa wanaowavisha ndege pete za utambulisho kuna mchoro wa nyoya la 6 la bawa, kuhesabu kutoka nje: la collybita ukingo wake umebonyea, la trochilus haukubonyea.

Kila picha imeandikwa mwezi iliopigwa, na hilo si pambo. Ukipima bawa la ndege anayebadilisha manyoya, nyoya refu halijamaliza kuota, utampa trochilus jina la mwenzake.

Uchapaji ndio unaoniudhi. Matoleo mawili yalitoka na wekundu uliozidi, miguu yote ikawa kahawia, tena kwenye makala ya kulinganisha miguu!

Majaribio ya darubini ni dhaifu. Wanasifia “picha angavu” bila kutaja jicho linaweza kukaa umbali gani kutoka kwenye lenzi. Mvaa miwani anahitaji kama milimita 16 au zaidi, la sivyo kingo za picha zinakatika. Hawasemi pia darubini inaanza kuona vizuri kutoka mita ngapi. Wanachorudia ni 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, na hapo hesabu ni rahisi: 42 gawanya kwa 8, duara la mwanga linaloingia jichoni ni milimita 5.25. Kwa hesabu hiyo huna haja ya jarida.

Taarifa za ndege adimu ziruke. Zikichapwa, ndege keshaondoka. Kati ya karatasi na nakala ya simu, ningechukua ya simu: mchoro wa nyoya la 6 kwenye karatasi hausomeki bila kioo cha kukuzia.