Usukani wa skrini ya kugusa: tathmini ya mtambo wa USS John S. McCain

Mtambo huu unaitwa IBNS, kazi ya Northrop Grumman kwa manowari za Marekani. Usukani, mwendo na vyombo vya kuongozea meli vimekusanywa kwenye skrini, na mikono ya chuma ya kuongeza na kupunguza mwendo iliondolewa. Tunaupima kwa kufuata ripoti ya mwaka 2019 ya NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, iliyochunguza mgongano wa manowari USS John S. McCain na meli ya mafuta Alnic MC katika Mlango wa Singapore, 21 Agosti 2017. Mabaharia 10 walikufa, 48 wakaumia.

Ubovu mkubwa uko kwenye kupokezana usukani. Mtambo ukiwekwa kwenye hali ya akiba ya mkono, yaani kuendesha bila msaada wa kompyuta, kituo chochote cha kuendeshea meli kinaweza kuuchukua usukani bila kituo kilichoushika kukubali. Alfajiri ile nahodha aliona mshika usukani ameelemewa na kazi mbili, akaamuru zigawanywe: mshika usukani abaki na usukani, mwenzake wa kando achukue mwendo. Vikahama vyote viwili. Kabla ya hapo usukani ulikuwa umelazwa kulia nyuzi 1 hadi 4 ili meli isitoke kwenye njia yake. Ulipohama ukarudi katikati, na meli ikaanza kwenda kushoto. Mshika usukani akazungusha gurudumu, meli haikuitika, akatangaza kwamba usukani umepotea. Haukuwa umepotea. Ulikuwa kwa jirani yake, na chumba kizima hakikujua.

Halafu mwendo. Kwenye skrini, rafadha mbili, yaani mapanga yanayosukuma meli, hupunguzwa pamoja pale tu zinapokuwa zimefungamanishwa. Hazikuwa zimefungamanishwa. Amri ya kupunguza ilipotoka, rafadha ya kushoto ikapungua, ya kulia ikaendelea kusukuma, na meli ikazidi kukata kushoto mbele ya Alnic. Mikono miwili ya chuma ikipishana, kiganja kinajua hata gizani. Kioo hakimwambii mtu kitu mpaka akitazame na akielewe anachokitazama. Hapa NTSB wameeleza vizuri sana, na kwetu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika ripoti.

Kitufe chekundu cha dharura nacho kiliongeza utata. Mabaharia waliamini kwamba ukikibonyeza, usukani unakwenda chumba cha nyuma ya meli. Kumbe unakwenda kwenye kituo kilichobonyeza. Ndani ya dakika chache usukani ulihama kituo hadi kituo, na saa 11:24 alfajiri pua ya Alnic iliyo chini ya maji ikatoboa ubavu wa kushoto. Chumba kimoja cha kulala kilijaa maji kwa muda usiofika dakika moja. Kati ya 12 waliokuwamo, walitoka wawili.

Si haki kuubebesha mtambo lawama yote. NTSB waliweka chanzo kikuu kwenye usimamizi hafifu wa Jeshi la Wanamaji, uliozaa mafunzo duni. Baadhi ya waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kwa muda kutoka meli nyingine, USS Antietam, yenye usukani wa aina tofauti. Waliokuwa chumba cha kuongozea walikuwa wamelala wastani wa saa 4.9 katika saa 24 zilizotangulia. Manowari haikuwa ikitangaza mahali ilipo kwa AIS, mtambo wa meli kujitambulisha kwa nyingine, na hakuna meli iliyomwita mwenzake kwa redio ya VHF. Lakini mtu aliyechoka na asiyefunzwa ndiye hasa anayehitaji chombo kinachosomeka, na hiki hakikusomeka. Hatuupendekezi ulivyokuwa siku ile. Baadaye jeshi lenyewe lilitangaza kurudisha mikono ya chuma.

Anayepokea mtambo wa skrini kwenye chombo chochote aujaribu kwanza kikiwa gatini. Hamisha usukani ukiwa umelazwa nyuzi 5, uone kama unabaki hapo au unarudi katikati. Jaribu kuuchukua kutoka kituo cha pili bila kumwambia aliye cha kwanza. Kengele isipolia kwake, usitie sahihi. Fungua mfungamano wa rafadha, punguza moja, kisha mwite baharia mgeni aangalie skrini akiwa hatua tatu nyuma na aseme ni ipi iliyopungua. Bonyeza kitufe cha dharura kwenye kila kituo, kimoja baada ya kingine, na andika usukani umeishia wapi. Karatasi hiyo ibandikwe kando ya gurudumu.