Wodi ya kangaruu kwa watoto njiti: naipa nyota 4 kati ya 5

Naandika kwa ajili ya wamama walioambiwa mtoto ni njiti na wanaiogopa wodi ya kangaruu, yaani ile ya kumbeba mtoto kifuani, maana wengi wanadhani ukipelekwa kule ni kwasababu mashine za joto zimejaa kwahiyo mtoto wako anapewa huduma ya daraja la pili. Hapana jamani. Jina la hospitali silitaji, ni ya serikali hapa Dar.

Inavyofanyika, mtoto anavuliwa anabaki na pampasi, kofia na soksi, anawekwa katikati ya matiti ngozi kwa ngozi, miguu kaikunja kama chura, kichwa kimegeuzwa pembeni asizibwe pua, afu unafungwa kitambaa kinachovutika ili hata ukisimama asiponyoke. Unakaa nae hivyo mchana na usiku, unalala umeegemea mito, maziwa unakamua anapewa kwa mrija mpaka aweze kunyonya mwenyewe. Manesi wa pale Mungu awabariki sana, wanakuonyesha bila kukufokea na wanarudia tena na tena kwa anayeogopa kumshika mtoto mdogo vile.

Sasa kilichonifanya niipende zaidi ni utafiti wa Ruth Feldman, mwanasayansi wa ubongo wa Israel. Ye na wenzake walifuatilia njiti 146, nusu yao mama zao waliwabeba kangaruu saa moja tu kwa siku kwa siku 14, nusu nyingine wakabaki kwenye inkubeta (zile mashine za joto) kama kawaida, halafu wakaendelea kuwapima mpaka wana miaka 10. Matokeo yalitoka 2014 na mimi niliposoma nilikaa kimya kabisa, wale waliobebwa wakiwa na miaka 10 miili yao ilikuwa inapokea msongo kwa utulivu zaidi, kotisoli (homoni ya msongo) haipandi sana kama kwa wenzao, usingizi wao umepangika vizuri, na hata akili ya kujizuia na kupanga mambo ilikuwa juu. Saa moja kwa siku jamani! Na mama zao pia wasiwasi ulikuwa umepungua miezi ile ya mwanzo, hilo mwanamke yeyote aliyekaa wodini anasikiliza mlio wa mashine atalielewa bila kuelezwa.

Na kwa upande wa kuokoa maisha, Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti kwenye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapahapa Tanzania, watoto wa kuanzia kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8, wengine wakaanza kubebwa muda mfupi tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri hali itulie kwanza. Majibu ya 2021 yalionyesha vifo vya siku 28 za mwanzo kwa hao walioanza mapema vilikuwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko kwa waliosubiri hali itulie. Ndo maana tangu 2022 wanashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwahiyo mtu akikwambia kangaruu ni kwasababu ya umaskini wetu mwambie haijui.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya kinababa. Bibi anaruhusiwa kuingia kumpokea mama akaoge au ale, baba anaishia mlangoni saa za kuona wagonjwa, anachungulia anaondoka. Najua wodi ni ya wanawake na wengi wako vifua wazi, hilo naliheshimu, ila pazia linawezekana, hata kona moja yenye kiti cha kuegemea. Huyohuyo Feldman na timu yake wameonyesha kwamba ubongo wa baba anayemlea mtoto kwa mikono yake unabadilika kutokana na ile kazi ya kulea, sasa tunamfungia nje kwenye zile siku za kwanza kabisa kwanini? Kifua cha baba kina joto pia. Uongozi wa hospitali naomba mlifikirie kwakweli.

Joto la wodini ni kali, feni haziwashwi kwa ajili ya watoto, jiandae na maji mengi ya kunywa. Beba khanga za kutosha, blauzi za vifungo mbele, kikombe chenye mfuniko cha kukamulia na kofia ya mtoto ya akiba maana zinalowa. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani endelea kumbeba mpaka afike kama kilo 2.5 au aanze kujinyonganyonga anataka kutoka, na kliniki ya kupima uzito usiiruke.