Sifuri yangu ilivyotupwa: uzoefu wangu wa tuisheni ya hisabati

Miezi kadhaa iliyopita nilijiandikisha katika kituo kimoja cha tuisheni ya jioni hapa Dar es Salaam, kwa kuwa nilikuwa najiandaa kusoma stashahada ya kompyuta na aljebra nilikuwa nimeiacha tangu kidato cha nne. Juu ya ada na saa za vipindi sitasema neno, maana mwenye kuyataka hayo atayapata kwa kupiga simu. Linaloniuma mimi ni sifuri moja.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni x² = 5x, akagawanya pande zote mbili kwa x, akapata x = 5, akalipigia jibu mstari na kuanza kufuta. Nilinyoosha mkono, nikamweleza kwa adabu kwamba sifuri nayo inaukidhi mlinganyo huo, na kwamba kugawanya kwa x kunaruhusiwa pale tu tunapojua kuwa x si sifuri; ilimpasa aandike x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, ambapo majibu yote mawili yangejitokeza. Akanitazama kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe zake, akasema: "Dada, umelipa ada uje kusoma au uje kunisahihisha?" Darasa zima likacheka, na wengi wao ni rika la mwanangu.

Nilidhamiria kuandika kwamba asiende mtu pale. Lakini wiki chache baadaye mwalimu huyohuyo alitufundisha nadharia ya grafu, yaani hisabati ya nukta na mistari inayoziunganisha, na sijapata kuona somo tamu kama lile. Alituuliza kama watu 7 harusini wanaweza kupeana mikono, kila mmoja na wenzake 3 kamili. Tulichora nukta saba, tukaziunganisha kwa mistari, tukafuta, tukachora tena, mpaka kijana mmoja akachana karatasi. Ndipo akauliza: kila mkono unaopeanwa unahesabiwa mara ngapi? Mara mbili, kwa kuwa una watu wawili. Basi jumla ya hesabu za wote haina budi kuwa shufwa, ilhali 7 mara 3 ni 21, nayo ni witiri. Haiwezekani, na uthibitisho umekwisha. Kutoka hapo akatupeleka kwenye fumbo la madaraja 7 ya mji wa Königsberg, je, mtu anaweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu, na hoja ya mwanahisabati Euler kwamba haiwezekani, nami nikasahau hata daladala.

Ningemsifu bila kinyongo, kama si jaribio la mwisho wa mwezi. Swali la pili lilikuwa x² = 3x. Niliandika 0 na 3. Akaikata ile 0 kwa kalamu nyekundu, akanipa alama moja kati ya mbili. Mtu anayeweza kuthibitisha jambo zuri kama lile la harusi, anashindwaje kuweka sifuri mahali pa x na kutazama? Msiende. Au nendeni siku za grafu tu, kwa kuwa siku hizo sijui nani mwingine angenifundisha vile. Karatasi yangu nimeikunja ndani ya daftari, na kipindi kijacho nitakaa dawati la mbele nikiwa nayo.